Bei ya Haki kwa Umeme wa Mitambo Midogo

Linapotajwa neno umeme, mawazo ya wengi wetu huenda moja kwa moja Kidatu, Mtera, Kihansi, na siku hizi kwenye bwawa kubwa la Mto Rufiji. Hiyo ni haki, kwa kuwa mitambo hiyo ni mali ya umma na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa Taifa. Lakini iko mitambo mingine, midogo, ambayo haitajwi sana magazetini. Mitambo hii hufua umeme kwa maji ya mito midogo, kwa makapi ya miwa na kwa mabaki ya miti ya mashamba, na wenyewe huliuzia Shirika letu la Umeme, TANESCO, umeme huo. Leo tunataka kuzungumzia jambo moja tu juu ya mitambo hiyo, nalo ni bei. Shirika la umma likinunua uniti moja ya umeme kutoka kwa mwenye mtambo mdogo, limlipe kiasi gani, na kiasi hicho kipimwe kwa kipimo gani?

Swali hili si la mafundi peke yao. Mtumishi wa Serikali aliyeko wilayani na mwalimu aliyeko shule ya kijijini ndio wanaoulizwa na wananchi kwa nini umeme umekatika, kwa nini mtambo wa mtoni umesimama, au kwa nini mtu binafsi analipwa fedha nyingi kwa maji ambayo Mungu ametupa bure. Anayeulizwa hana budi kujua, na anayejua hana budi kueleza. Tena bei ikikosewa, iwe kwa kuzidi au kwa kupungua, atakayebeba hasara mwishowe ni mwananchi yule yule: ama kwa kulipa zaidi, ama kwa kukaa gizani.

Tuanze na chimbuko la jambo lenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Umeme mwaka 2008, na chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ukawekwa utaratibu wa wazalishaji wadogo, yaani wale ambao mitambo yao haizidi megawati 10. Utaratibu huo ulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni mkataba wa namna moja kwa wote, ili mwenye mtambo wa kilowati mia chache asilazimike kuajiri mawakili wa gharama kubwa na kujadiliana miaka mitatu kama mwenye mtambo wa megawati 100. La pili ni bei inayotangazwa hadharani, isiyotegemea nani anafahamiana na nani.

Hatuna budi kukiri kwamba huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kiwanda cha sukari cha TPC huko Moshi, ambacho huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wake chenyewe, kikaweza kuliuzia Shirika ziada yake. Wilayani Mufindi, mtambo wa megawati 4 kwenye Mto Mwenga ulianza kazi mwaka 2012, ukaliuzia TANESCO na pia ukavipelekea umeme vijiji vya jirani. Kwenye Mto Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa Tulila wenye uwezo wa megawati 5, ukaanza kuutumikia mji wa Songea mwaka 2015. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa bei yenyewe ilipangwaje? Msingi wake ulikuwa kile wataalamu wanachokiita gharama iliyoepukwa. Fikra hiyo ilipata nguvu kubwa Marekani mwaka 1978, pale sheria ya nchi hiyo ilipoyataka makampuni ya umeme yanunue umeme wa wazalishaji wadogo kwa bei isiyozidi gharama ambayo makampuni hayo yangeitumia kuufua yenyewe au kuununua kwingine. Maana yake ni rahisi. Kama Shirika lingetumia shilingi 100 kufua uniti moja kwa mtambo wake, basi likimlipa jirani shilingi 100 kwa uniti hiyo halipati hasara yoyote, na mteja haongezewi hata senti. Halimpi mzalishaji sadaka, wala halimpunji.

Hapa kwetu, EWURA ilitangaza kwa mwaka 2009 bei ya shilingi 85.49 kwa uniti kwa wale waliounganishwa na gridi ya Taifa, na shilingi 334.83 kwa wale wanaouza kwenye gridi ndogo zilizojitenga, ambako umeme ulikuwa ukifuliwa kwa dizeli. Mwaka 2012 bei hizo zilikuwa zimefikia shilingi 152.54 na shilingi 480.50. Msomaji ataona mara moja kwamba bei ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Hakuna upendeleo katika tofauti hiyo. Mahali penye gridi ya Taifa, uniti ya mzalishaji mdogo huchukua nafasi ya uniti ya gesi au ya maji ya bwawa. Mahali pa dizeli, uniti hiyo huchukua nafasi ya mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, yakashushwa bandarini, yakasafirishwa kwa malori mamia ya kilomita. Mtambo wa dizeli hutumia robo lita ya mafuta au zaidi kidogo kwa kila uniti. Kwa hesabu hiyo, mtambo wa megawati 5 ukifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa moja tu, huliepusha Taifa kuchoma zaidi ya lita 1,250 za dizeli.

Bei hizo pia zilifuata majira. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Agosti hadi Novemba, mzalishaji wa gridi ya Taifa alilipwa asilimia 120 ya bei ya msingi, na katika miezi iliyobaki asilimia 90. Kwa bei ya mwaka 2012, hiyo ni shilingi 183.05 wakati wa kiangazi na shilingi 137.29 wakati wa mvua. Busara yake ni dhahiri: maji yanapopungua Mtera, kila uniti inayotoka kwingine huwa na thamani kubwa zaidi. Aidha, bei ya siku ya kutia saini ilifanywa kuwa sakafu, na dari ikawa mara moja na nusu ya sakafu hiyo, ikirekebishwa kadiri gharama za maisha zinavyopanda. Kwa njia hiyo mzalishaji alilindwa asianguke, na mwananchi akalindwa asinyonywe.

Ikiwa msingi ulikuwa mzuri kiasi hicho, kasoro ilikuwa wapi?

Kasoro ya kwanza ni kwamba kipimo kilikuwa cha wastani, na wastani huficha mengi. Bei ilikuwa moja kwa gridi yote ya Taifa, kana kwamba uniti iliyofuliwa kando ya mtambo mkubwa ina thamani sawa na ile iliyofuliwa mwisho wa waya, mahali ambapo taa hufifia jioni kwa sababu umeme umesafiri mbali mno. Uniti inayosafirishwa mamia ya kilomita haifiki nzima. Sehemu yake hupotea njiani kuwa joto. Uniti inayofuliwa karibu na mtumiaji haipotei hivyo. Anayeifua huku mwisho wa waya analiokolea Shirika zaidi, naye alilipwa sawa na yule wa kando ya mtambo.

Wastani huo pia haukusema ukweli wote wakati wa dhiki. Mwaka 2011 ukame uliyapunguza maji mabwawani, mgao wa umeme ukaikumba nchi, na Taifa likalazimika kutegemea mitambo ya dharura ya mafuta. Mwaka huo bei ya mzalishaji mdogo kwenye gridi ya Taifa ilikuwa shilingi 112.43 tu, wakati gharama ya kufua uniti moja kwa mafuta ilikuwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Hatusemi kwamba bei ya mwaka wa shida ndiyo iwe bei ya kila mwaka. Tunasema kwamba hesabu ya gharama iliyoepukwa isiyoihesabu miaka ya shida ni hesabu pungufu, kwa sababu ukame kwetu ni mgeni anayerudi.

Kasoro ya pili ilimhusu mwenye mtambo mwenyewe. Gharama ambayo Shirika linaiepuka haina uhusiano wowote na gharama ya kujenga mtambo wa maji wa kilowati 300. Mtambo mdogo ni ghali kwa kila kilowati kuliko mkubwa, maana mhandisi, barabara ya kufikia mtoni na waya wa kuunganisha havipungui kwa kadiri ile ile ukubwa unavyopungua. Ndiyo sababu miradi mingi iliyokuwa imeandikwa vizuri kwenye karatasi ilishindwa kupata mkopo. Benki haikopeshi nia njema. Hukopesha mapato yanayoweza kuhesabiwa.

Kwa kuliona hilo, mwaka 2015 utaratibu ulibadilishwa. Kwa mitambo ya maji na ya mabaki ya mimea zikatangazwa bei zinazotofautiana kwa aina na kwa ukubwa, mtambo mdogo ukilipwa zaidi kwa uniti kuliko mkubwa, nazo zikatajwa kwa senti za dola ya Marekani. Kwa jua na upepo, ambako bei za vifaa zilikuwa zikishuka kwa kasi duniani, ukachaguliwa utaratibu wa zabuni za ushindani. Njia ya kulipa kwa kufuata gharama za mzalishaji haikuwa ngeni: Ujerumani iliifuata kwa sheria yake ya mwaka 2000, na jirani zetu wa Kenya walitangaza bei zao za namna hiyo mwaka 2008.

Mabadiliko hayo yaliondoa kikwazo kimoja, lakini yalileta swali jingine. Bei ikifuata gharama za mzalishaji peke yake, ni nani atakayemzuia asitaje gharama kubwa kuliko zile za kweli? Na shilingi ikishuka mbele ya dola, ni nani atakayelipa tofauti? Tukumbuke kwamba katika bei zilizowekwa mwaka 2016, mwananchi wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alitakiwa kulipa shilingi 100 tu kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292. Shirika haliwezi kununua uniti kwa bei kubwa, likaiuza kwa shilingi 100, kisha likaendelea kusimama, isipokuwa pengo hilo lizibwe mahali fulani. Bei ya kumnunulia mzalishaji mdogo na bei ya kumwuzia maskini ni pande mbili za daftari moja.

Hapa ndipo tunapokutana na makundi mawili ya wasemaji, na yote mawili yanakosea. Kundi la kwanza husema kwamba wazalishaji hawa ni wafanyabiashara kama wafanyabiashara wengine, na kwa hiyo walipwe kile kidogo kabisa kinachowezekana. Wasemaji hawa husahau kwamba mtambo usiojengwa hauna bei ya chini. Una giza tu. Husahau pia kwamba baadhi ya wenye mitambo hii ni mashirika ya dini na jumuiya ambazo faida yao huonekana katika hospitali na shule. Kundi la pili husema kwamba umeme wa maji na jua ni safi, kwa hiyo ulipwe bei yoyote inayoombwa. Hawa nao husahau kwamba usafi wa umeme haumpunguzii mama lishe bili yake. Jambo likiwa jema, hapo ndipo hesabu yake inapotakiwa kuwa wazi zaidi.

Kwa maoni yetu, kipimo cha haki kipo, nacho ni kurudi kwenye fikra ile ya kwanza na kuitekeleza kwa ukamilifu: uniti ilipwe kile inachouokolea umma kwa kweli, mahali pale inapofuliwa na wakati ule inapofuliwa. Hiyo ndiyo iwe dari. Chini ya dari hiyo, mzalishaji apewe gharama zake halali na faida ya kiasi, kwa vitabu vilivyokaguliwa. Mradi ambao gharama zake zinapita dari usijengwe kwa fedha za mteja wa umeme. Ukiwa na manufaa mengine, kama ya maji au ya afya, basi fedha za manufaa hayo zitoke kwenye mafungu yake.

Mfano wa Songea unaonyesha uzito wa jambo hili. Mji huo ulikuwa kisiwa cha dizeli, na mtambo wa Tulila ulijengwa katika hali hiyo. Baadaye Serikali ilijenga njia kuu ya umeme kutoka Makambako hadi Songea, na mwaka 2018 mji ukaunganishwa na gridi ya Taifa. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini tazama swali linalozaliwa popote gridi inapofika: mtambo uliojengwa kwa mkopo wa miaka mingi kwa kutazamia bei ya kisiwa cha dizeli, kesho yake ulipwe bei ya gridi? Tuchukue mtambo wa kilowati 1,000 unaofanya kazi nusu ya uwezo wake kwa mwaka, yaani unaofua uniti 4,380,000. Kwa bei ya dizeli ya mwaka 2012, mapato yake ni shilingi milioni 2,104 na ushei. Kwa bei ya gridi ya mwaka huo huo, ni shilingi milioni 668. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hiyo ubaoni, na hata wao wataona kwamba hakuna mkopo unaostahimili anguko la namna hiyo.

Je, Shirika liendelee kulipa bei ya dizeli wakati dizeli haichomwi tena? Hapana, kwa kuwa umma hauokolewi tena kiasi hicho. Je, bei ishushwe kwa siku moja? Hapana pia, kwa kuwa aliyejenga alikuja kutusaidia wakati hatukuwa na njia nyingine. Dawa ni kipindi cha mpito kilichoandikwa ndani ya mkataba tangu mwanzo: bei ishuke kwa ngazi, kwa miaka inayojulikana, hadi ifikie thamani halisi ya umeme wa mahali hapo. Mwenye mtambo akiijua ngazi hiyo kabla hajachimba msingi, atakopa kwa kadiri yake, na hapatakuwa na wa kulaumiwa.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa sababu bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limekamilika, na mashine zake zote tisa ziliwashwa kufikia mwaka 2025. Nasi tunajivunia bwawa hilo. Lakini wingi wa umeme Rufiji hauufikishi umeme huo kila mahali bila gharama. Mwezi Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro alieleza mpango wa kuipatia kanda ya kaskazini umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, na sababu aliyoitoa ni upotevu unaotokea umeme unaposafirishwa kutoka kusini hadi kaskazini. Maelezo hayo yanathibitisha hoja yetu: umeme una thamani kulingana na mahali ulipo. Ikiwa ni halali kuihesabu njia ndefu tunaponunua umeme nje ya mipaka, ni halali vile vile kuihesabu tunaponunua kutoka kwenye makapi ya miwa ya Moshi au kijito cha Mufindi.

Bado liko jambo moja, ambalo pengine ni kubwa kuliko bei yenyewe. Bei iliyoandikwa vizuri lakini isiyolipwa kwa wakati ni sawa na bei ndogo. Imekwisha kutokea, kwa miaka kadhaa, Shirika likachelewa kuwalipa wanaoliuzia umeme, wakubwa kwa wadogo. Mkubwa ana akiba na ana dhamana, anaweza kungoja. Mdogo mwenye mafundi sita na mkopo wa benki hawezi kungoja miezi minane. Benki nazo huyaona hayo, na mzalishaji anayefuata hutozwa riba kubwa zaidi, ambayo mwishowe huingia kwenye bei na kumrudia mteja. Dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, EWURA iitangaze thamani ya umeme kwa kanda na kwa majira, pamoja na hesabu iliyotumika, ili mtu yeyote aweze kuisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, kila mkataba mpya ueleze kwa maneno yasiyo na utata kitakachotokea gridi itakapofika. Tatu, malipo ya wazalishaji wadogo yatengewe akaunti yake, yasingoje foleni pamoja na madeni makubwa. Kiasi chenyewe ni kidogo katika hesabu za Shirika. Nne, wazalishaji nao watimize wajibu wao: watoe umeme wakati walioahidi, wafungue vitabu vyao, na washirikiane na vijiji kuhifadhi vyanzo vya maji, kwa sababu mtambo wa maji usiokuwa na bwawa hauna akiba nyingine isipokuwa msitu ulioko juu yake. Mfano mzuri tumeuona Mufindi, ambako mtambo wa Mwenga umeongezewa mashine za upepo za megawati 2.4, ili upepo wa kiangazi usaidie pale maji yanapopungua.

Utekelezaji wa mambo haya unawategemea watu wanaosoma ukurasa huu. Ofisa anayekalia jalada la mkataba kwa mwaka mzima anapandisha bei ya umeme bila kujua. Mhasibu anayeiahirisha hundi hufanya vivyo hivyo. Na mwalimu anayewaeleza wanakijiji kwamba maji ni ya bure lakini mtambo si wa bure, anafanya kazi ya maendeleo ambayo hakuna mhandisi awezaye kuifanya.

Nchi yetu imeamua kufikisha umeme katika kila kijiji, na kazi hiyo imekwenda mbali. Umeme huo hauna budi kuwa wa kudumu na wa bei ambayo mwananchi anaiweza. Mitambo midogo ina nafasi yake katika kazi hiyo, mradi tuilipe kwa haki, tusiipunje wala tusiitunuku, na tulichokwisha kukitia saini tukilipe siku yake.